Re: Miezi miwili jimu, niingie Murph au nisubiri?

Mkuu, umeuliza kama mtu wa miezi miwili jimu anaweza kuingia Murph na wenzake bila kujiaibisha. Anaweza, ila si ile nzima.

Kwa wasioijua, Murph ni zoezi la mfululizo: unakimbia maili moja (kama kilomita 1.6), unajivuta kwenye chuma mara 100, pushapu 200, skwoti 300, halafu maili nyingine. Wakongwe huvaa na kizibao cha kilo 9. Imepewa jina la Michael Murphy, mwanajeshi wa Marekani aliyeuawa Afghanistan mwaka 2005.

Mimi mara ya kwanza nilijifanya mwamba, nikataka kumaliza kujivuta kote kwanza. Kufika ya 23 vidole vikafunguka vyenyewe, nikabaki nimekaa chini natazama ngozi ya kiganja ilivyochubuka. Usinifuate. Watu hugawa raundi 20: kujivuta 5, pushapu 10, skwoti 15. Wewe piga raundi 10 na nusu ya mbio, kizibao waachie wenyewe. Kwenye chuma funga mkanda wa mpira unaonyumbuka ukubebe, pushapu weka magoti chini. Hakuna atakayekucheka, kila mtu atakuwa anatafuta pumzi yake.

Kuhema na miguu kutetemeka, vumilia. Kifua kikibana au ukiona kizunguzungu, acha hapo hapo. Na mkojo ukigeuka rangi ya soda ya kola siku zinazofuata, wahi hospitali. Misuli imeumia kiasi cha kuhatarisha figo.

Saa usiitazame. Mwambie mtu akuandikie muda, utauhitaji mwakani.