Ndoana mkononi na kichefuchefu safarini

Kaka, umesema uliwapeleka rafiki zako kuvua kati ya Shimoni na Pemba, mmoja akachomwa na ndoana mkononi, mwingine akatapika njia nzima. Poleni. Kabla ya kung'oa nanga, bana kwa koleo kile kijino kinachonasa, karibu na ncha ya kila ndoana, hadi kilale. Nguru mmoja mmoja atachopoka, sawa, ila ikimwingia mtu itatoka bila kuchana nyama. Ikichoma karibu na jicho, usiiguse; kata mshipi, mkimbize hospitali. Anayerusha mshipi asimame tezini, yaani sehemu ya nyuma ya boti, wengine wakae mbali naye. Mwenye kichefuchefu akae katikati ya boti atazame upeo wa bahari, si simu. Upepo wa kusi ukichachamaa, ghairi hata kama wameshalipa. Bia zingoje jioni, jamani!