Kutia Ukali wa Pilipili Katika Maji ya Ndimu Bila Kuyabadili Rangi

Hapa Ujiji nimekuwa nikiandaa vinywaji vya shughuli kwa miaka kadhaa, na kinywaji ninachokipenda kuliko vyote ni maji ya ndimu yenye pilipili. Katika harusi ya mpwa wangu nilisaga pilipili mbuzi nyekundu kwenye blenda pamoja na ndimu, nikapata kinywaji chenye rangi ya tope jekundu na chembe zinazoelea, ambacho wageni wengi walikiacha mezani bila hata kukionja.

Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba wekundu na ukali ni kitu kimoja. Ukali hutokana na kapsaisini, kemikali iliyomo ndani ya pilipili, ambayo haina rangi, na ambayo hujaa zaidi katika utando mweupe unaoshikilia mbegu kuliko katika nyama ya tunda. Wekundu ni wa jamii moja na ule wa mawese yetu, na kila mwanamke wa Kigoma ameona jinsi mawese yanavyoelea juu ya maji ya moto huku maji ya chini yakibaki bila rangi. Kapsaisini nayo haipendi maji, lakini ile kidogo inayokubali kuingia inatosha kabisa: mwaka 1912 mfamasia wa Marekani, Wilbur Scoville, alipima ukali wa pilipili kwa kuuzimua katika maji ya sukari hadi waonjaji wasiusikie tena, na pilipili za jamii ya mbuzi huhitaji kuzimuliwa zaidi ya mara 100,000.

Kwa hiyo siku hizi sisagi. Ninapasua pilipili mbuzi nne, ninatoa utando wake kwa ncha ya kisu, kisha ninachemsha glasi moja ya sukari nyeupe kwa glasi moja ya maji, ninaepua, na ndipo ninapotumbukiza utando huo kwa robo saa kabla ya kuchuja kwa kitambaa safi bila kukikamua. Shira hiyo hubaki angavu, na kijiko kimoja cha chai hutosha kwa kuanzia katika jagi la lita mbili la maji ya ndimu. Anayependa tangawizi aikune, aikamue, aache maji yake yatulie hadi wanga uzame, kisha amimine yale ya juu tu, ingawa yatabaki na umanjano hafifu.

Onja kinywaji kikiwa na ubaridi utakaokiandalia, kwa sababu baridi hupunguza muwasho, na subiri dakika nzima kabla ya kuongeza, maana ukali huu huja polepole. Mikono iliyoshika utando ipakwe kwanza mafuta ya kupikia, ndipo ioshwe kwa sabuni, na isiguse macho.

Jagi lenye pilipili ninalifunga utepe mwekundu shingoni na kuliweka meza ya peke yake, kwa kuwa mtoto mwenye kiu hawezi kulitofautisha na jagi la maji ya ndimu ya kawaida.