Tuanze na rangi au tuanze na paa? Swali kutoka Mji Mkongwe wa Bagamoyo

SWALI: Sisi ni wenye nyumba na wenye maduka wa Mtaa wa India, Bagamoyo. Watalii wanashuka, wanapiga picha milango ya kuchonga, nusu saa haijaisha wamesharudi Dar es Salaam. Nyumba kadhaa zimekuwa magofu na fremu nyingi zimefungwa. Tumechanga pesa, si nyingi. Wenzangu wanataka tupige lipu ya saruji mbele ya nyumba zote, tupake rangi moja, na tujenge lango la kukaribisha wageni. Mimi nasita, ila sina hoja ya kitaalamu. Tuanzie wapi?

JIBU: Ndugu yangu, umesita mahali pake. Msipige saruji.

Nyumba zenu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na udongo. Ukuta wa namna hiyo hauna kizuizi cha unyevu chini yake. Unanyonya maji kutoka ardhini na kuyatoa polepole kupitia lipu ya chokaa. Ukiuziba kwa saruji, maji hayaachi kupanda. Yanapanda juu zaidi yakitafuta pa kutokea, na yanabeba chumvi. Chumvi inaganda nyuma ya saruji, inasukuma, na baada ya misimu kadhaa ya mvua lipu inabanduka vipande vizima pamoja na uso wa jiwe. Kibaya zaidi ni boriti. Ncha zake zimechomekwa ukutani, na ukuta ukikaa na maji zinaoza pale ambapo jicho halifiki. Dari inaweza kuanguka huku rangi ya nje bado inang'aa.

Wenzako wasiamini maneno yangu tu. Pita nao mtaani na ufunguo mkononi, mkwaruze lipu kwenye kimo cha goti. Lipu ya zamani inatoa unga mweupe, na ukiisogelea utaona punje za chokaa ambazo hazikulainika na vipande vidogo vyeusi vya mkaa, mabaki ya tanuri iliyochoma matumbawe. Saruji ni ya kijivu na ufunguo unateleza. Halafu gongeni kwa kifundo cha kidole. Panapolia kama pana uwazi, lipu imeshaachana na ukuta. Linganisheni pia alama ya unyevu inafika wapi kwenye nyumba za saruji na kwenye nyumba za chokaa. Baada ya hapo mjadala utakuwa mwepesi.

Pesa ya kwanza iende kwenye maji. Mabati yaliyotoboka yabadilishwe, mifereji ya paa iwekwe na itoe maji mbali na msingi, na pale ambapo njia imeinuka kwa kufukiwa mwaka hadi mwaka mpaka ikapita kizingiti, udongo uchimbwe ili mvua isiingie ndani. Kazi hizi hazipigiwi picha, ndiyo maana kila mtu anaziruka. Jengo la Beit al-Ajaib pale Unguja, lililojengwa mwaka 1883, lilikuwa fahari ya Mji Mkongwe ulioingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya mbele iliporomoka, watu wawili wakafariki, na wakati huo ukarabati ulikuwa unaendelea. Jengo la matumbawe lililochoka haliwasubiri mchange vya kutosha.

Kwa lipu yenyewe, anzeni na uwiano wa chokaa moja kwa mchanga tatu. Mchanga uwe wa shimo au wa mto; wa pwani una chumvi. Chokaa iloweshwe wiki kadhaa kabla, na ikikaa zaidi ni bora. Ukuta uloweshwe, lipu ipigwe kwa tabaka nyembamba, kisha ifunikwe kwa magunia mabichi siku kadhaa ili isikauke haraka na kupasuka. Saruji iliyoshika sana msiipige kwa nyundo kubwa, mtang'oa mawe. Bandueni kwanza ile iliyokwisha kuachia, hasa mita moja ya chini. Na kabla ya fundi kupanda ngazi, nendeni ofisi ya Malikale, yaani idara ya mambo ya kale, na halmashauri kuomba kibali, maana eneo lenu linalindwa kisheria.

Sasa magofu, ambako naona ndiko mzizi wa tatizo ulipo. Nyumba za mji mkongwe zinaanguka zaidi kwa sababu ya mirathi kuliko mvua. Babu alifariki, warithi wakawa wengi, wengine wako Dar, wengine Muscat, hakuna mwenye mamlaka ya kusaini chochote, na mwenye uwezo wa kukarabati anaogopa kuweka pesa kwenye mali ambayo kesho binamu ataidai. Kaeni na kila familia ili iteue msimamizi wa mirathi na athibitishwe mahakamani. Akishapatikana, familia isiyo na pesa inaweza kumpangisha mfanyabiashara aliye nazo. Yeye akarabati, gharama zikatwe kwenye kodi mwezi kwa mwezi, na mkataba uandikwe na mwanasheria, usajiliwe, na utaje wazi kwamba kazi itafanywa kwa chokaa na kwamba mlango wa asili haubanduliwi kuuzwa. Ombeni wenye nyumba wasidai kilemba, yaani pesa ya kupewa fremu mbali na kodi, kwa mpangaji wa namna hii. Kumtoza mtu kilemba cha fremu yenye paa bovu ni kumfukuza kabla hajafungua.

Biashara gani? Zile ambazo mwenyeji atazihitaji hata siku ambayo hakuna mtalii: fundi cherehani, mgahawa wa chai na vitumbua asubuhi, duka la vifaa vya shule, saluni. Mgeni anakaa pale anapoona watu wanaishi. Bustani ya Forodhani, Unguja, ilipofunguliwa upya mwaka 2009 baada ya ukarabati wa Aga Khan Trust for Culture, iliendelea kujaa jioni kwa sababu familia za mji zinakwenda na watoto, na watalii wanazifuata. Tena mna kitu ambacho miji mingi haina: TaSUBa, chuo cha sanaa chenye wanafunzi wa ngoma, muziki na maigizo hapo hapo mjini. Zungumzeni na chuo kuhusu mazoezi ya hadharani Jumamosi jioni mtaani kwenu. Mtu aliyekuja asubuhi kuona Ngome Kongwe na Caravan Serai, kituo cha zamani cha misafara, atakuwa na sababu ya kulala.

Jambo moja kutoka mbali nitaliongeza. Mwaka 1977 Marekani walijaribu kufufua mitaa mikuu ya miji mitatu midogo, Galesburg, Hot Springs na Madison, na kila mji ukapewa meneja wa mtaa anayelipwa kwa kazi hiyo. Mpango huo uliofanikiwa ukasambaa nchi nzima kuanzia mwaka 1980. Nanyi tengeni posho ya kijana mmoja anayejua kila fremu ni ya nani, nani anatafuta chumba, na taka zinazolewa lini. Posho yake itawasaidia zaidi ya lango.

Kuhusu muda: paa na mifereji viishe kabla ya masika. Lipu na rangi ya chokaa pangeni Juni hadi Agosti, wakati wa kipupwe, jua likiwa pole. Chagueni nyumba mbili zinazotazamana na mzikamilishe kwanza, ili wenye nyumba nyingine waone kazi kwa macho yao kabla hamjawaomba mchango wa pili.