Maswali ya Wasomaji: Kamera za Ulinzi Nyumbani

SWALI: Mimi ni mtumishi wa umma, ninafanya kazi katika Mji wa Serikali, Mtumba, hapa Dodoma, na makazi yangu yako Iyumbu. Mimi na mume wangu tunatoka alfajiri na kurudi jioni, na nyumbani hubaki dada wa kazi pamoja na mtoto wetu wa miaka mitatu. Hivi karibuni mtu aliruka ukuta mchana kweupe, akachukua mtungi wa gesi na nguo zilizoanikwa. Fundi tuliyemwita ametupigia hesabu ya kamera nane. Muuza duka mmoja wa mjini anasema tusipoteze fedha, tununue kamera mbili zenye umbo la balbu, zinazofungwa kwenye soketi ya taa. Umeme wa huku hukatika mara kwa mara. Tumsikilize nani? (Mama wa Iyumbu)

JIBU: Pole sana, dada, na tumshukuru Mungu kwamba mtoto na binti anayemlea hawakuguswa. Kabla ya kuchagua kati ya fundi na muuza duka, amueni kwanza kila kamera itawajibu swali gani. Iko kamera ya kuwaambia kwamba mtu ameingia, na iko kamera ya kuwaambia mtu huyo ni nani. Wengi hununua ya kwanza wakiamini wamenunua ya pili, na hulitambua hilo siku wanapompelekea askari picha ya mtu mwenye shati jeupe asiye na uso.

Hesabu yake si ngumu. Viwango vya Ulaya vya kamera za ulinzi vinataka picha iwe na pikseli 250, yaani nukta ndogo zinazoiunda picha, kwa kila mita ya upana ili mtu usiyemfahamu atambulike kwa sura. Kamera ya megapikseli 2 ina pikseli 1920 kwa upana; ukizigawa kwa 250 unapata upana usiofika mita 8. Lenzi ya milimita 2.8, ambayo ndiyo hupendwa madukani kwa sababu inaonyesha eneo pana, inakupa upana huo pale mtu anapokuwa umbali wa takriban mita 3 tu. Akisimama umbali wa mita 10, utaona kuna mtu, utaona amebeba nini, lakini uso wake hutausoma hata ukikuza picha kiasi gani. Kamera ya megapikseli 4 yenye lenzi ya milimita 4 inaona eneo jembamba zaidi, lakini inautambua uso hadi umbali wa mita 6 hivi. Kwa getini, hiyo ndiyo ya kununua.

Kwa maelezo yako, kamera tatu zinawatosha. Ya kwanza iwe ya geti, ifungwe kwenye kimo cha takriban mita 2.5, imtazame anayeingia. Najua mafundi wengi hupenda kuipandisha hadi mita 4 ili mwizi asiifikie, lakini kamera iliyo juu kiasi hicho hurekodi kofia na utosi. Ya pili iwe nyuma, ione mlango wa jikoni, kamba ya nguo na mahali mtungi wa gesi unapokaa, kwa kuwa mwizi wa mchana hupita huko kuliko mbele. Ya tatu iwe kibarazani, uso kwa uso na anayebisha hodi. Hizo nane zingewaletea picha nyingi za ukuta na gharama kubwa ya waya. Jambo moja la kuangalia ni jua: kama kamera ya geti itaelekea magharibi, jua la saa kumi na moja jioni litaingia moja kwa moja kwenye lenzi na kila anayeingia ataonekana kama kivuli. Badilisheni pembe, au mnunue kamera yenye uwezo wa kusawazisha mwanga mkali na giza, ambao kwenye boksi huandikwa WDR.

Kamera ya balbu siikatai moja kwa moja. Mpangaji wa chumba kimoja inaweza kumfaa. Kwenu ina kasoro ambazo siwezi kuzinyamazia. Ikiwa soketi hiyo inawashwa na swichi ya ukutani, mtu yeyote akizima taa amezima na kamera. Rekodi yake hukaa kwenye memori kadi iliyo ndani yake, kwa hiyo anayeing'oa huondoka na ushahidi. Tena hutegemea Wi-Fi, na mawimbi ya ruta iliyo sebuleni yakishapita kuta mbili za tofali za saruji hufika getini yakiwa dhaifu.

Chagueni kamera za waya zinazopata umeme na kupeleka picha kwa waya mmoja wa mtandao, mfumo ambao mafundi huuita PoE, pamoja na mashine ya kurekodia yenye njia nne, yaani inayopokea hadi kamera nne. Waya huo hufanya kazi vizuri hadi urefu wa mita 100, lakini lazima uwe wa shaba halisi. Uko mwingine sokoni ambao ni alumini iliyopakwa shaba, unauzwa kwa bei ya chini, nao hupoteza umeme njiani na kukatika kwenye viungo. Kabla ya kulipa, ombeni kipande, mkwangue nyuzi zake kwa kisu: ikitokea rangi nyeupe chini ya ile nyekundu, rudisheni boksi.

Kuhusu umeme, kamera tatu za aina hii, mashine ya kurekodia na ruta kwa pamoja hula takriban wati 40 hadi 45. Betri ya volti 12 yenye Ah (ampea-saa) 100 ina wati-saa 1200. Mkitumia nusu yake, kama inavyofaa kwa betri ya risasi na asidi, na mkitoa kinachopotea kwenye inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, mfumo wenu utaendelea kufanya kazi kwa takriban saa kumi bila TANESCO. Wekeni pia kifaa cha kuzuia umeme unaorudi kwa kishindo, na hakikisheni nyumba ina nyaya za kupeleka umeme ardhini (earth) zilizokaguliwa, kwa sababu kuanzia Desemba hadi Aprili radi za Dodoma huua vifaa vingi kuliko wezi wanavyoviiba.

Kila kamera ikirekodi mfululizo kwa megabiti 2 kwa sekunde, hujaza gigabaiti 21.6 kwa siku. Kamera tatu hufikia karibu gigabaiti 65, hivyo diski ya terabaiti moja hutunza takriban siku 15 kabla ya kuanza kufuta za zamani. Kwa kamera ya geti ya megapikseli 4 mtataka kiwango kikubwa zaidi, kwa hiyo nunueni terabaiti 2, na diski iwe ile iliyotengenezwa kwa ajili ya kurekodi usiku na mchana. Mashine yenyewe msiiweke chini ya televisheni, ambako mwizi huanzia. Ifungieni kabatini, mahali penye hewa.

Siku fundi anapomaliza kazi, msimruhusu aondoke kabla ya mambo mawili. La kwanza ni saa. Si ajabu kukuta mashine imewekwa majira ya China, yaliyo mbele ya yetu kwa saa tano, na hapo tukio la saa mbili usiku litaandikwa limetokea saa saba usiku. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ushahidi wa aina hii mahakamani, lakini uzito wake hutegemea jinsi ulivyorekodiwa na kutunzwa, na wakili wa upande wa pili ataanza na saa hiyo hiyo. La pili ni nywila. Badilisheni ile ya kiwandani ninyi wenyewe, fundi akiwa ameshatoka chumbani, na mfute simu yake kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kutazama. Mwaka 2016 programu hasidi iliyoitwa Mirai iliteka kamera na mashine nyingi za kurekodia duniani kwa njia nyepesi tu ya kujaribu nywila ambazo wenye vifaa hawakuwahi kuzibadilisha.

Na huyo dada wa kazi, tafadhali mwambieni. Mwonyesheni kila kamera ilipo na inaona nini, na chumba chake cha kulala na bafu visiguswe kabisa. Ndiye aliyekuwa ndani mwizi aliporuka ukuta, na anastahili kujua kwamba kamera zimewekwa kumlinda yeye pia.

SWALI: Kamera yangu ya nje inaonyesha vizuri mchana, lakini usiku picha huwa nyeupe kama ukungu. Fundi anasema imeharibika, ninunue nyingine. Ni kweli? (Msomaji, Kisasa)

JIBU: Usinunue bado. Usiku kamera hujimulikia kwa mwanga wa infraredi ambao macho yetu hayauoni, na mwanga huo ukigonga kitu kilicho karibu mno hurudi na kuifunika picha yote. Kwa Dodoma kitu hicho mara nyingi ni vumbi la kiangazi lililoganda kwenye kioo, au utando wa buibui, maana wadudu huvutwa na taa hizo na buibui huwafuata. Lowanisha kitambaa laini kwa maji safi, ondoa vumbi bila kusugua, kisha kausha. Ukisugua vumbi kavu lenye mchanga utakikwaruza kioo, na mikwaruzo nayo huleta ukungu ule ule. Miezi ya upepo, Juni hadi Septemba, fanya hivyo kila wiki.

Kama tatizo litabaki, tazama kamera ilivyofungwa. Iliyobanwa chini ya paa humulika dari au ukuta ulio kando yake. Isogeze mbele kidogo au uishushe. Dalili ya kioo kilichokwisha kabisa ni ukungu unaoonekana kwa ndani, kama umande, na hapo maji yameshaingia. Unaponunua nyingine tafuta alama ya IP66, yenye maana kwamba vumbi haliingii na maji ya kurushwa kwa nguvu hayapenyi.

SWALI: Nina shamba la zabibu Hombolo. Hakuna umeme. Kamera ya sola yenye laini ya simu itanifaa? (Mkulima)

JIBU: Itakufaa, ndugu mkulima, ikiwa mtandao wa simu unashika vizuri pale pale utakapoifunga, jaribu kwanza kwa simu yako ukiwa umesimama hapo. Paneli ielekee kaskazini, kwa sababu tuko kusini mwa ikweta, iinamishwe ili vumbi na maji viteremke, na ifutwe mara kwa mara. Iamuru kamera irekodi kwenye kadi na ikutumie taarifa tu panapotokea mtu, kwani kutazama moja kwa moja hata kwa megabiti 1 kwa sekunde humaliza takriban megabaiti 450 za bando kwa saa. Fahamu pia kwamba kamera hizi huamshwa na tofauti ya joto kati ya mwili na mazingira. Saa nane mchana, ardhi inapokuwa na joto linalokaribia la mwili, zinaweza kumkosa mtu anayepita, na kwa saa hizo bado unahitaji mlinzi.

SWALI: Tunaishi wapangaji sita kwenye nyumba moja Chang'ombe. Mwenye nyumba amefunga kamera uani, na inaelekea mlango wa bafu na choo tunavyochangia. Tulipomuuliza alisema nyumba ni yake. Je, tuna haki yoyote? (Mpangaji)

JIBU: Mnayo. Nyumba ni yake, na kulinda mali yake ni haki yake, lakini kumpiga picha mama anayetoka bafuni amejifunga khanga si kulinda mali. Ibara ya 16 ya Katiba yetu ya mwaka 1977 inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa na kuhifadhiwa nafsi yake, maisha yake ya faragha na maskani yake, na maskani ya mpangaji ni pale alipopanga. Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu awe na lengo halali, na awajulishe wahusika lengo hilo kabla ya kuzikusanya. Picha inayomtambulisha mtu ni taarifa yake binafsi.

Anzeni kwa mazungumzo, wote sita kwa pamoja, mkiwa na ombi mahususi badala ya lawama: kamera igeuzwe itazame geti na mahali pikipiki zinapoegeshwa, sehemu ya bafu izibwe kwenye picha kwa kile kisanduku cheusi ambacho karibu kila mashine ya kurekodia inacho kwenye mipangilio yake, na mjulishwe nani mwingine anaitazama kwa simu. Ombeni akuonyesheni picha yenyewe kwenye skrini baada ya marekebisho, kwa sababu kamera ya mviringo huwezi kujua inatazama wapi kwa kuiangalia kutoka chini. Asipokubali, mwandikieni barua, mbaki na nakala, kisha mwende kwa mwenyekiti wa mtaa. Ikishindikana huko, Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi hupokea malalamiko ya wananchi. Ambatanisheni nakala ya barua hiyo na picha mlizopiga zikionyesha kamera ilivyofungwa na mlango inaoutazama. Msiing'oe wala kuikata waya, kwa kuwa hapo ninyi ndio mtakaogeuka washtakiwa.