Pakiti imefika, mbona haijarudi? Mazoezi ya mtandao kwa laptopu moja

Swali: Shikamoo kaka. Nimemaliza mwaka wa kwanza wa diploma ya TEHAMA hapa Mwanza. Tabaka saba za OSI nazitaja bila kuangalia daftari, na hesabu za subnet nazifanya. Lakini juzi intaneti ilikata dukani kwa mama mdogo, wakaniita, nikasimama mbele ya rauta sijui nianzie wapi. Nina laptopu moja ya RAM GB 4, na bando ni la kubahatisha. Nifanye mazoezi gani ili nielewe mtandao unavyofanya kazi kweli?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Laptopu hiyo inatosha kabisa, na zoezi kubwa kuliko yote nitakayokupa halili bando hata kidogo. Tafuta daftari, tukubaliane jambo moja kabla hujagusa kibodi: kila amri utakayoandika, andika kwanza daftarini unatarajia ijibu nini. Usipotabiri, majibu ya kompyuta yatapita tu mbele ya macho yako. Ukitabiri ukakosea, umeshajua mahali hasa ambapo hujaelewa.

Anza na anwani zako mwenyewe. Washa hotspoti ya simu, unganisha laptopu, kisha andika `ip addr`, au `ipconfig` kama uko Windows. Halafu kwenye simu nenda mipangilio, sehemu ya kuhusu simu, uangalie anwani ya IP iliyopewa na mtandao wa simu. Mwisho fungua tovuti yoyote inayokuonyesha anwani yako inavyoonekana kutoka nje. Mara nyingi utapata anwani tatu tofauti. Ya laptopu itakuwa ya ndani, pengine inaanza na 192.168, moja ya mafungu ambayo RFC 1918, waraka wa kanuni za intaneti wa mwaka 1996, iliyaacha kwa mitandao ya ndani. Ya simu ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, ujue kampuni ya simu imewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje. Ndiyo maana rafiki yako hawezi kufungua seva iliyo kwenye laptopu yako kwa kutumia anwani ile ya nje. Ukiona pia anwani ndefu yenye herufi na nukta pacha, hiyo ni IPv6. Iache kwa leo.

Zoezi la pili ni la dakika kumi. Kila pakiti ya IP, yaani kifurushi kimoja cha data, hutoka na namba iitwayo TTL, na kila rauta inayoipitisha hupunguza moja. Ikifika sifuri, rauta huitupa na kumtumia taarifa aliyeituma, na taarifa hiyo inabeba anwani ya rauta iliyoitupa. Basi kwa ping, amri ya kuipigia mashine hodi na kusubiri ijibu, tuma pakiti yenye TTL ya 1 kwenda 8.8.8.8, ambayo ni seva ya Google:

`ping -c 1 -t 1 8.8.8.8`

Kwenye Windows ni `ping -n 1 -i 1 8.8.8.8`. Atakayejibu ni lango lako, yaani rauta ya kwanza unayopitia. Weka 2, kisha 3, uendelee hivyo, ukiandika kila anwani inayojitokeza. Rauta nyingine zimeamriwa zisijibu, kwa hiyo ukikutana na ukimya katikati, songa mbele kwa namba inayofuata. Hivi ndivyo traceroute, amri ya kuonyesha njia ya pakiti, inavyofanya kazi, na ukishaifanya kwa mkono hutaisahau.

Ukifika mwisho, tazama muda. Nuru ndani ya mkongo husafiri karibu kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila milisekunde 1 ya kwenda na kurudi ni kilomita 100 tu za umbali. Makao makuu ya Google yako California, zaidi ya kilomita 15,000 kutoka Mwanza. Pakiti ikienda huko na kurudi haiwezi kuchukua chini ya milisekunde 150. Sasa angalia umepata ngapi. Ukipata chini ya hapo, pakiti yako haikukanyaga California: anwani 8.8.8.8 inatangazwa kutoka sehemu nyingi duniani kwa wakati mmoja, nawe umepelekwa kwenye mojawapo iliyo karibu zaidi.

Sasa tuje kwenye zoezi ninalolipenda kuliko yote. Utajenga mitandao miwili na rauta katikati, yote ndani ya laptopu yako. Linux inaweza kuigawa sehemu yake ya mtandao katika vyumba visivyoonana, kila kimoja na anwani zake na njia zake. Huhitaji kusakinisha kompyuta pepe, na kumbukumbu inayotumika ni ndogo mno. Kama uko Windows, iwashe laptopu kwa flashi ya Ubuntu bila kuisakinisha. Ukiharibu chochote, zima uwashe, kila ulichojenga kwenye zoezi kimefutika. Ingia kama root, yaani msimamizi mkuu wa mashine, kwa `sudo -i`, kisha:

```
ip netns add nyumba
ip netns add rauta
ip netns add duka
ip link add n0 netns nyumba type veth peer name r0 netns rauta
ip link add d0 netns duka type veth peer name r1 netns rauta
ip -n nyumba addr add 10.0.1.2/24 dev n0
ip -n rauta addr add 10.0.1.1/24 dev r0
ip -n rauta addr add 10.0.2.1/24 dev r1
ip -n duka addr add 10.0.2.2/24 dev d0
ip -n nyumba link set n0 up
ip -n rauta link set r0 up
ip -n rauta link set r1 up
ip -n duka link set d0 up
```

Hizo veth ni kama kebo: unachoingiza upande mmoja kinatokea upande wa pili. Kutoka nyumba, piga ping duka: `ip netns exec nyumba ping 10.0.2.2`. Umetabiri nini? Utaambiwa mtandao haufikiki, papo hapo, na hakuna pakiti iliyotoka. Nyumba inajua 10.0.1 tu. Ipe lango: `ip -n nyumba route add default via 10.0.1.1`. Rudia ping. Safari hii hakuna kosa lolote, ni kimya tu.

Kwa sababu ya ukimya huo ndiyo nimekuletea zoezi hili. Fungua dirisha la pili, uingie kama root tena, usikilize upande wa duka kwa `ip netns exec duka tcpdump -n -i d0`. Kama hakuna maombi ya ping yanayoingia, rauta haipitishi: Linux kwa kawaida haifanyi kazi ya rauta mpaka iambiwe. Fungua dirisha la tatu, nalo la root, uiambie: `ip netns exec rauta sysctl -w net.ipv4.ip_forward=1`. Sasa tcpdump itaanza kuandika `ICMP echo request`, moja kila sekunde, huku dirisha la nyumba likiendelea kunyamaza. Pakiti zinafika. Duka linazipokea. Ila halijui njia ya kurudi 10.0.1.2, kwa hiyo hajibiwi mtu. Andika `ip -n duka route add default via 10.0.2.1`, na ping itafunguka hapohapo mbele yako.

Mwaka wangu wa kwanza kazini, ofisi moja niliyokuwa nikihudumia ilifungua tawi, kompyuta za tawi zikawa hazifikii seva ya makao makuu. Tulibadilisha kebo, tukabadilisha swichi, siku nzima. Jioni mwenzetu mmoja akafungua tcpdump kwenye seva yenyewe: maombi yote yalikuwa yanaingia vizuri. Seva haikuwa na njia ya kurudi tawini. Ulikosekana mstari mmoja, kama huo uliouandika sasa hivi.

Ukishafika hapo, weka seva dukani: `ip netns exec duka python3 -m http.server 8000`, na kutoka nyumba iendee kwa `ip netns exec nyumba curl 10.0.2.2:8000`. Iache tcpdump ikiwa wazi. Utaona pakiti tatu za mwanzo za TCP, zenye alama `[S]`, `[S.]` na `[.]`, kisha ndipo data inaanza. Sasa izime seva kwa Ctrl+C ujaribu tena: utajibiwa mara moja kuwa muunganisho umekataliwa, na tcpdump itaonyesha `[R.]`. Iwashe tena, kisha funga poti 8000, yaani mlango ambao seva inasikiliza, kwa `ip netns exec duka iptables -A INPUT -p tcp --dport 8000 -j DROP`. Safari hii curl itaning'inia. Tofauti hiyo ishike sana. Ukikataliwa haraka, mara nyingi mashine ipo na njia ni nzima, ila poti hiyo haina anayesikiliza. Ukinyamaziwa, kuna kitu njiani kinameza pakiti, au jibu halina njia ya kurudi.

Kwa hiyo siku mama mdogo akikuita tena, anza na lango: piga ping rauta ya dukani. Ikijibu, piga 8.8.8.8. Hiyo nayo ikijibu na tovuti bado hazifunguki, jaribu `nslookup` kwa jina la tovuti yoyote, maana hapo anayeshukiwa ni DNS, mfumo unaogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za IP. Lango lenyewe lisipojibu, tatizo liko ndani ya duka: kebo, Wi-Fi, au anwani uliyopewa.

Packet Tracer ni programu nzuri, utaihitaji ukianza amri za Cisco. Mimi ningeiacha kwanza, kwa sababu vifaa vyake ni vya kuigiza, na hapa unataka kuona pakiti halisi. Wireshark isakinishe mapema, itakuonyesha yaleyale ya tcpdump kwa rangi na kwa majina ya kila sehemu. Nasa pakiti za mashine zako tu. Kunasa mawasiliano ya watu bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, hata kama ulikuwa unajifunza.

Na kwa kuwa hesabu za subnet unaziweza, nakuachia hili la mwisho. Ondoa ile kanuni ya iptables kwa kurudia amri yake ukiweka `-D` mahali pa `-A`. Futa anwani ya duka kwa `ip -n duka addr del 10.0.2.2/24 dev d0`, uirudishe ikiwa na /16 badala ya /24, kisha irudishe na ile njia ya duka ya kupitia 10.0.2.1. Piga ping kutoka nyumba, tcpdump ikiwa wazi upande wa duka. Tabiri kwanza kama majibu yatarudi, na duka litakuwa linamtafuta nani. Ukimaliza niandikie yote mawili, ulichotabiri na ulichokiona.