Kwanini wanahesabu vyumba na sio watu?

SWALI: Dada habari za kazi. Mimi na familia tuko Cape Cod, rasi ya jimbo la Massachusetts, Marekani, mwaka wa nne sasa, tulinunua nyumba ya vyumba vitatu kwenye ploti ya robo tatu eka na tuna watoto watatu. Mama yangu amepata karatasi anakuja kukaa na sisi, nikasema nimtengenezee chumba kule beisimenti, fundi akaja akapima kila kitu kiko sawa, kumbe kwenda kuomba kibali naambiwa hapana, septiki yako (lile tanki la maji machafu lililofukiwa uani) ni ya vyumba vitatu basi. Nikawaambia mama ni mtu mmoja na anaoga ndoo moja, wakaniangalia tu. Alafu mji wetu unabishana kuhusu kuweka kikomo cha vyumba kwa nyumba mpya, na kwenye kikao jirani mmoja akasimama akasema wanaojaza watu ndani ndio wanaharibu ghuba, huku ananitazama mimi. Chumba na choo vinahusiana nini? Ni sheria kweli au hawatutaki tu?
Baba Watatu

JIBU: Kaka pole sana, na mama akaribie salama.

Ni sheria kweli, ya septiki kwa jimbo zima, inaitwa Title 5. Kila chumba cha kulala wanakipigia galoni 110 za maji machafu kwa siku, kama lita 416 hivi, yaani watu wawili kwa galoni 55 kila mmoja. Vyumba vyako vitatu ni galoni 330 na injinia alichora septiki yako kwa namba hiyo. Wanahesabu vyumba kwasababu watu wanazaa, wanahama, nyumba inauzwa, na hakuna mkaguzi wa kuja kila usiku kuona nani kalala wapi, ila septiki ikishafukiwa ndio imefukiwa.

Sasa kinachoumiza Cape Cod sio uchafu ule unaouona. Septiki yako inaweza kuwa nzima kabisa, haifuriki, hainuki, na bado nitrojeni (kirutubisho cha mimea, kama kile cha kwenye mbolea), ambayo nyingi inatoka kwenye mkojo wetu, inapita nayo kwenye mchanga. Na Cape yote ni mchanga! Maji yanashuka upesi mpaka kwenye maji ya chini, yale yale mnayokunywa huko, alafu polepole yanatokea kwenye madimbwi na ghuba. Mwani unashiba unajaa, jua halifiki chini, nyasi bahari zinakufa na kombe wanakosa pa kukulia. Septiki za majumbani ndio chanzo kikubwa kuliko vyote cha hiyo nitrojeni, kwahiyo ugomvi wa vyumba pale mjini kwenu una sababu, hilo lazima nikwambie ukweli.

Kuna kikomo kingine. Kwenye maeneo yanayolindwa kwa ajili ya nitrojeni, kama yale yanayozunguka visima vya mji, nyumba mpya inaruhusiwa galoni 440 kwa eka nzima, vyumba vinne. Piga hesabu ya robo tatu eka yako, unapata 330 kamili. Kama uko ndani ya eneo hilo basi umeshafika ukingoni. Na ile sheria ya 2024 ya vijumba vya ziada mpaka futi za mraba 900, iliyoanza Februari 2025, watu wanaishangilia lakini haikufuta Title 5, septiki bado lazima itoshe.

Cha kufanya, kwanza kaombe faili la nyumba yako halmashauri ya afya uone mchoro wa septiki umeandikwa galoni ngapi, wengine hukuta 440 na nyumba ina vyumba vitatu, hao wana nafasi. Ukikuta 330, muulize injinia kuhusu mitambo ya kupunguza nitrojeni, ila bei yake ni kubwa, usisaini kitu kabla hajakuhakikishia kwamba ploti yako itakubaliwa. Ama wape watoto wote watatu chumba kimoja, mama apate cha kwake juu chenye dirisha (mimi nisingemlaza mzazi beisimenti kwanza), na kule chini fanya sebule ya wazi isiyo na mlango, kwasababu chumba chenye faragha na dirisha wanakihesabu cha kulala hata ukikiita ofisi. Usijenge kwa kificho, siku ya kuuza nyumba septiki inakaguliwa. Na tanki livutwe uchafu mapema kuliko ulivyozoea maana watu wameongezeka.

Huyo jirani sikubaliani naye hata kidogo. Familia yako iko ndani ya namba iliyoandikwa na serikali, na nyumba nyingi huko ni za kiangazi, Julai na Agosti zinajaa wageni, mbona hao hawasimamishiwi kikao? Mbolea za bustani nazo zinaingia kwenye maji hayo hayo. Kikao kijacho nenda na mama kabisa, uliza mbele ya watu mtaa wenu utafikiwa lini na paipu ya maji taka ya mji, maana nyumba ikishaunganishwa huko mkojo wake hauendi tena ghubani kupitia mchanga wa yadi yako, na hiyo hesabu ya galoni za septiki inakuwa haikuhusu.