Shangazi yenu hajatupwa

Tangu habari zifike Tanga kwamba nauza nyumba yangu ya Leicester, huku Uingereza, nihamie kwenye fleti za wazee, simu yangu haipumui. Mnauliza kama watoto wamenitupa, na kwa nini nisirudi nyumbani mkanitunza. Kuna la tatu ambalo hakuna aliyelisema, nalo nitalijibu.

Watoto hawajanitupa. Mmoja yuko Glasgow, mwingine yupo hapa hapa, anafanya kazi za zamu na nyumba yake imejaa. Mimi magoti yamechoka na choo changu kiko ghorofani. Nimefanya kazi ya kutunza wazee hadi nastaafu, nawajua wanaosubiri: mtu anaanguka, analazwa, na siku ya kutoka hospitali anatafutiwa pa kwenda na afisa ustawi wa jamii, popote penye nafasi. Nataka nichague mwenyewe nikiwa bado napanda basi.

Halafu mkisema "nyumba ya wazee" mnachanganya mambo. Ninakokwenda nina mlango wangu, ufunguo wangu na jiko langu. Mchana kuna msimamizi, na kuna kamba ya kuvuta ukitaka msaada. Zipo nyingine ambako wahudumu wapo usiku na mchana, unalipia saa wanazokuhudumia. Ile ya kulishwa na kuogeshwa ndiyo ya mwisho, na bei yake mara nyingi inapita pauni 1,000 kwa wiki. Wiki, si mwezi.

Fleti nimezikagua kwa jicho la kazi. Moja ilikuwa na zulia jipya na maua mezani, lakini kamba ya bafuni imepigwa fundo juu, haifiki sakafuni. Aliyeanguka yuko chini, ataivutaje? Nikaaga. Nyingine ilikuwa ya kununua, bei nafuu hadi nikaingiwa na wasiwasi. Kusoma mkataba: ada ya huduma inapanda kila mwaka, nikifa warithi wanaendelea kuilipa mpaka fleti iuzwe, na ikiuzwa kampuni inakata asilimia yake. Ndiyo maana nimechukua ya kupanga.

Kurudi nimekufikiria sana, msidhani sina hamu. Pensheni ya serikali ya Uingereza nitalipwa hata nikiwa Tanga, ila Tanzania haimo kwenye nchi ambazo pensheni hiyo inapandishwa kila mwaka. Nikihamia huko, kiwango kinaganda pale pale hadi naingia kaburini, na bei ya sukari haigandi. Matibabu ya bure ya NHS, yaani huduma ya afya ya serikali ya huku, nayo ni ya mkazi. Ukihama moja kwa moja umeyaacha, na mimi nina kisukari na presha. Na mnaposema "tutakutunza", ni nani hasa? Nawajua, nitaachiwa dada wa kazi.

Sasa lile lisilosemwa: hela ya nyumba. Hapa England, ukiwa na mali na akiba zaidi ya pauni 23,250, matunzo unajilipia mwenyewe. Zikishuka chini ya hapo ndipo halmashauri inaanza kusaidia. Na kabla ya kusaidia inachunguza zilikokwenda. Wakiona nilizigawa makusudi ili nionekane sina, wanazihesabu kana kwamba bado ninazo. Nikimnunulia mtu kiwanja huko Pongwe leo, kesho nitadaiwa ada ya matunzo kwa hela ambazo zimeshageuka matofali. Aliyewaambia kwamba zawadi ikipita miaka saba haihesabiwi tena kachanganya na kodi ya mirathi. Kwa hiyo ada za shule nilizoahidi nitalipa kama kawaida, kiwanja hapana. Mnune mkimaliza tuendelee na undugu.

Mkija kunitembelea, chumba cha wageni kipo, kinalipiwa kwa usiku na lazima kiwekwe mapema. Ile ya kuja wiki mbili ukakuta Idi mbili zimepita, imekwisha.

Jiko la huko ni dogo, sufuria ya pilau la shughuli haiingii hata mlangoni. Hiyo pamoja na cherehani na mashuka ya akiba natia kwenye pipa la mizigo la kwenda Dar. Anayetaka cherehani aseme wiki hii, na ajue kwamba gharama ya kulikomboa pipa bandarini ni yake.